Hodi Chini ya Daraja

Kila lori zito lilipopita darajani, Tumbiri alibisha hodi.

Hakubisha kwa pikipiki, wala kwa gari dogo, wala kwa basi lenye abiria wachache. Alingoja mzigo: lori la saruji, la magogo, la mafuta. Magurudumu ya mbele yakivuka kiungio cha lami, kule chini kwenye boriti ya pembeni kilisikika kitu kama kidole kilichokunjwa kikigonga mlango wa bati. Tk. Magurudumu ya nyuma yakifuata: tk-tk. Kisha kimya, na maji ya mto yakienda zake.

Tumbiri alikuwa marehemu. Alianguka kutoka kwenye boriti hiyohiyo, mchana kweupe, siku ya mwisho ya ukarabati, mbele ya macho ya kaka yake. Ndiyo maana mafundi wa daraja hawakujisumbua kuuliza nani anagonga. Walipopita chini yake walivua kofia na kusema, "Tupo, Tumbiri," kisha wakaharakisha. Watu husema chuma hakina roho. Wasemao hivyo hawajawahi kufanya kazi chini yake.

Kaka mtu aliitwa Gundi. Jina hilo alipewa na marehemu mwenyewe, kwa sababu kila akipanda juu aliikumbatia boriti kwa mikono miwili kama mtoto anayekataa kuachishwa ziwa.

"Kaka, hiyo chuma haina pa kukimbilia," Tumbiri alikuwa akimwambia, huku yeye akitembea juu ya ukingo mwembamba, mikono mfukoni, akipiga mluzi. Akifika kwenye ubao wa jukwaa aliposimama kaka yake, hakuingia kama watu. Aliruka kwa miguu yote miwili, ubao ukabonyea, Gundi akazidi kuikumbatia boriti.

"Utaniua, mpumbavu wewe!"

"Nikikuua, mama atamgombeza nani?"

Basi ndivyo walivyokuwa: mmoja kaganda, mwingine anarukaruka, na daraja katikati yao.

Daraja lenyewe lilikuwa limechoka. Chuma huchoka, usione kinang'aa. Lori likipita, boriti hujipinda kwa kiasi ambacho jicho halioni, kisha hurudi. Ikijipinda na kurudi mwaka nenda mwaka rudi, mahali fulani karibu na mshono wa kuchomelea huzaliwa ufa mwembamba kuliko unywele. Ufa huo hauna haraka. Hutambaa. Leo kiasi cha punje, mwakani kiasi cha kidole, mpaka siku boriti inapokatika kama muwa, na waliokuwa juu yake wakawa habari.

Mafundi waliuita nyoka, na nyoka huyo walikuwa na namna yake ya kumwua. Unatafuta mahali hasa ncha ya ufa inapoishia. Unatoboa hapo tundu la mviringo, kwa msumeno wa duara unaozungushwa na drili. Ufa uliozoea kukata chuma kwa ncha kali unajikuta umetumbukia kwenye tundu laini, hauna pa kung'ata, unakoma. Baadaye unafunga mabamba mazito huku na huku kwa bolti, boriti inapata nguvu upya.

Msumeno ule ukimaliza kukata hudondosha kisahani cha chuma, kama sarafu nene. Hapo ndipo palikuwa na desturi. Aliyetoboa hakukitazama mwenyewe. Alimpa mwenzake, na mwenzake alikigeuza kwenye mwanga, akapitisha ukucha ukingoni kote. Mstari wa ufa ulitakiwa uingie upande mmoja na ufie katikati. Ukifia katikati, mwenzake alipaza sauti kikosi kizima kisikie: "Kichwa tunacho!" Lakini mstari ukiingia huku na kutokea kule, maana yake nyoka alishapita. Umekata kiwiliwili. Kichwa kiko mbele, ki hai, kinaendelea kula.

Tumbiri, ambaye hakuwa na kitu asichokifanyia wimbo, alitunga ubeti wa kuimba wakati drili inalia:

*Nyoka huyu hana sumu, silaha yake subira,*
*Chuma kwake ni utamu, hula pasipo hasira,*
*Kichwa ndicho cha muhimu, mkia ni masihara;*
*Kata kichwa, ewe fundi, mkia hauna dhara.*

Siku ile ya mwisho, lilibaki tundu moja tu. Dawa nyekundu inayopuliziwa chuma, ikapenya ndani ya ufa na kuuchora wazi, ilikuwa imekwisha, na Tumbiri hakuwa mtu wa kungoja dawa. Aliufuata ufa kwa macho, kwenye rangi ya zamani, akatoboa pale rangi ilipoacha kupasuka. Gundi alikuwa kwenye boriti ya pili akifungua mbao za jukwaa, maana kazi ilikuwa imefika ukingoni na watu walishaanza kukusanya vyombo.

"Kaka!" Tumbiri aliita, akiinua kisahani juu, kikameta. "Cha mwisho hiki! Nakuletea ukibusu!"

Akakitia mfukoni, akafungua ndoano ya mkanda wake, akaruka kwenye ubao uliokuwa kati yao. Kwa miguu miwili, kama kawaida yake. Ubao ulibonyea. Upande wa pili ulikuwa umeshafunguliwa.

Kisahani kilirudi nyumbani pamoja na nguo zake. Gundi alikitoboa tundu dogo, akakitia uzi wa ngozi, akakivaa shingoni ndani ya fulana, rangi yake ya kijivu ikiwa bado imekiganda pande zote mbili. Nani angepitisha ukucha kwenye kitu kilichotoka mfukoni mwa maiti? Alikibusu, kama alivyoambiwa.

Na pale alipotoboa mara ya mwisho, mabamba hayakufungwa. Msimamizi wao, mzee mmoja mnene aliyeitwa Bwana Bado kwa sababu ndilo lililokuwa jibu lake kwa kila swali, alisema, "Bado. Tuziache roho zetu zipoe kwanza." Bado ile ikaota mizizi. Sehemu ile ya boriti ikawa chumba cha Tumbiri. Rangi waliipaka kwa brashi ya mpini mrefu, kwa mbali, kama watu wanaomlisha simba. Hakuna aliyeingia, hakuna aliyekagua. Waliona ni heshima.

Muda si mrefu hodi zikaanza.

Aliyezipenda kuliko wote alikuwa mama yao. Kila asubuhi alichukua kigoda chake na sindano zake za kufuma, akashuka mpaka kwenye ngazi ya zege chini ya daraja, akakaa. Lori likipita, tk, alijibu bila kuinua macho kwenye uzi: "Karibu, baba." Alikuwa ameanza kula tena, kulala tena, hata kutania majirani. Mwanawe hakuwa naye, lakini alikuwa mlangoni. Kwa mama huyo, hilo lilitosha.

Gundi naye lilimtosha, mpaka siku ya fulana.

Mama alikuwa uani, karai mbele yake, povu mpaka kwenye viwiko. Alimwita kwa sauti ile ambayo mtoto hata akiwa na mvi huitikia mbio.

"Hebu njoo uone. Hiyo chuma yako itanimaliza mikono. Kila nikifua, mstari uko palepale."

"Ni kutu tu, mama. Jasho."

"Kutu gani inajua kupiga rula?"

Akamtandazia fulana nyeupe kwenye magoti. Juu ya kifua palikuwa na alama ya kahawia, duara hafifu. Ndani ya duara, mstari mmoja mwembamba, umenyooka, kutoka ukingo mmoja mpaka mwingine.

Gundi alikivua kisahani. Jasho na kifua chake vilikuwa vimekula ile rangi ya kijivu kidogokidogo, na palipokuwa pameziba pamefunuka. Alipitisha ukucha ukingoni. Ulikwama. Akauzungusha, polepole, akimwomba Mungu usikwame tena. Upande wa pili ulikwama.

Mstari ulikuwa umeingia huku, ukatokea kule.

"Vipi, umeona jini?"

"Hapana, mama."

"Basi nipishe nianike, nikamsikilize mdogo wako. Leo siku ya malori ya saruji, atakuwa na maneno mengi."

"Mama, leo usiende."

"Kwa nini?"

Gundi alikificha kisahani kiganjani. "Wanapaka rangi. Itakudondokea."

"Nimedondokewa na makubwa kuliko rangi," mama alisema, akachukua kigoda chake.

Gundi alifika darajani kabla yake, akapanda. Aliingia chumba cha Tumbiri kwa magoti, akiwa amejifunga mkanda, mkono mmoja kwenye boriti, na boriti ilikuwa baridi kuliko zile nyingine, au ndivyo alivyohisi. Tundu lilikuwepo, duara safi, kazi ya mkono usiotetemeka. Alikisogeza kisahani kwenye tundu. Kiliingia, kikacheza kidogo tu. Akakizungusha mpaka mstari wake ukaungana na ufa uliofika tunduni kutoka kushoto. Kisha akatazama kulia.

Rangi ya brashi ndefu ilikuwa nene pale. Akaikwangua kwa kisu. Chini yake ufa ulitoka tunduni na kuendelea, ukateremka kwenye ubavu wa boriti kama mchirizi wa chozi, mpaka ukafika bamba la chini, lile linalobeba kila kitu. Kandokando yake palikuwa na unga mwekundu, laini kama poda.

Lori lilikuwa linakuja. Alilisikia kwa mifupa kabla ya masikio. Boriti ikajipinda, na mbele ya pua yake ufa ukafunguka. Kidogo, kama mdomo wa mtu aliyelala anayetaka kusema neno. Ukapumua unga mwekundu. Ukafunga.

Tk.

Kiganja chake kilikuwa juu ya ufa. Alihisi pigo lile likimpita mkononi mpaka begani.

"Mdogo wangu," alinong'ona. "Ni wewe?"

Magurudumu ya nyuma. Tk-tk.

Na kutoka chini, karibu sana, sauti ya mama: "Karibu, baba."

Alichungulia. Mama alikuwa ameketi wima chini ya boriti ileile, sindano zikimeta, kitambaa chekundu kikizidi kurefuka mapajani. Gundi aliona jinsi mambo yalivyokuwa, na hakuna aliyehitaji kumfafanulia. Mdomo ule ukizibwa kwa mabamba na bolti, hodi zitakwisha, na mama atafiwa mara ya pili, safari hii kwa mkono wa mwanawe aliyebaki. Kikosi kizima kitajua kwamba Tumbiri, fundi asiyekosea, alikata kiwiliwili akaacha kichwa. Na mdomo ule usipozibwa?

Mfukoni alikuwa na kopo dogo la rangi ya kijivu na kitambaa. Ingekuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Alilitoa kopo. Alilishika kwa muda.

"Umenona leo," mama alimwambia mtu asiyeonekana. "Sauti yako imenona kuliko jana."

Gundi alirudisha kopo mfukoni, akashuka mbio kiasi kwamba alisahau kuikumbatia boriti.

Bwana Bado alikuwa kwenye kibanda cha vyombo, akipuliza chai.

"Ee, bado hujafa? Mbona uso umekushuka?"

"Zuia malori, mzee."

"Bado nakunywa chai."

Gundi aliweka kisahani mezani. Mzee alikitazama, akacheka kidogo, kisha akaacha. Alikichukua. Ukucha wake mnene ulizunguka ukingoni mara moja tu.

"Hiki ni cha…"

"Ndiyo."

"Gundi, unajua unachokisema? Vijana wanamwimba yule. Mama yako anaishi kwa zile kelele."

"Mama yangu amekaa chini yake sasa hivi, mzee. Twende na dawa nyekundu, ukishaona ndipo uniambie bado."

Walikwenda. Mzee mwenyewe, na unene wake, alipanda mpaka chumba ambacho hakuwahi kukikanyaga tangu msiba. Walipuliza dawa, wakaifuta, wakapaka unga mweupe, wakangoja. Polepole kwenye ule weupe mshipa mwekundu ulijitokeza, ukateremka ukapita tundu, ukateremka ukafika bamba la chini, na hapo ukageuka, ukaanza safari mpya. Bwana Bado aliutazama kwa kinywa wazi.

"Sasa hivi," alisema. Ndilo neno ambalo hakuna aliyewahi kumsikia akilitamka. "Fungeni daraja sasa hivi."

Kumwambia mama hakukuwa na dawa wala unga. Gundi alimfuata pale kwenye ngazi. Juu yao vijana walikuwa wakiweka vizuizi, na kwa mara ya kwanza tangu siku nyingi hakikupita kitu.

"Mbona kimya?" mama aliuliza.

Alimweleza yote. Nyoka, tundu, kichwa. Alipofika kwenye neno "ufa", sindano zilisimama.

"Kwa hiyo si yeye."

"Sijui, mama. Ninachojua, boriti itakatika."

"Nimekuuliza, si yeye?"

"Ni chuma kinasuguana, mama."

Hakulia. Ingekuwa afadhali angelia. Alikunja kitambaa chake, akasimama, akasema bila kumtazama: "Mdogo wako alikuwa anaruka, na wewe umeganda. Sasa ameganda yeye, na bado hujaridhika. Nenda kamzibe mdomo." Akaacha kigoda palepale.

Nyumbani Gundi aliweka kisahani juu ya meza, karibu na sahani ya mama ya chakula ambayo haikuguswa, akaingia chumbani. Kupitia pazia alimwona mama akikitazama kwa mbali, kama mtu anayemtazama mgeni asiyemwamini. Kisha akakichukua. Akakipitishia kidole gumba, huku na huku, huku na huku, jinsi alivyokuwa akiwapapasa wanawe ufizi wakiwa wachanga kutafuta jino.

Asubuhi alimkuta amevaa, kitambaa chekundu kwapani.

"Alikuwa na haraka tangu tumboni," mama alisema. "Nilimzaa njiani, unajua? Hakungoja mkunga."

"Najua, mama."

"Nilikuwa nafikiri." Alikitia kisahani mkononi mwa Gundi, akaifunga ngumi yake kwa mikono miwili. "Mtu akibisha hodi, hufunguliwa mlango. Sisi tumekaa barazani miaka hii yote tunamsifu kwa kubisha vizuri. Alikuwa anatuita, baba. Nenda kafungue."

Waliinua boriti kwa nguzo za muda, wakatafuta kichwa. Safari hii dawa ilitosha, na ilipulizwa mara tatu. Gundi mwenyewe ndiye aliyeshika drili. Msumeno ulipoanza kulia, kijana mmoja wa kikosi akaanza ule ubeti kwa sauti ya chini, *nyoka huyu hana sumu*, na wengine wakaitikia, lakini mstari wa mwisho hakuna aliyeweza kuumaliza.

Kisahani kilimdondokea mkononi kikiwa moto. Gundi, bila kufikiri, aliunyoosha mkono wenye kisahani upande wa kushoto, upande ambao Tumbiri alizoea kusimama. Mkono ukabaki hewani. Hewa ya upande ule ilikuwa na baridi.

Bwana Bado alisogea, akakichukua kwa upole. Akakigeuza kwenye mwanga. Mstari uliingia, ukafika katikati, ukafa.

"Kichwa tunacho," alisema. Akarudia, kwa nguvu, mpaka ndege wakaruka kutoka chini ya daraja: "Kichwa tunacho!"

Mabamba yakafungwa huku na huku, mapana, meusi, bolti zimepangana kama vifungo vya koti. Mbao za jukwaa zilibaki mpaka majaribio yaishe. Ubao wake Gundi aliufunga mwenyewe, ncha zote mbili, kisha akarudi akazifunga tena. Wenzake walishuka. Yeye akabaki juu peke yake, mkanda umefungwa, mikono miwili kwenye boriti, asikilize.

Chini, mama alikuwa amerudi kwenye kigoda chake.

Lori la kwanza lilikuwa la saruji. Magurudumu ya mbele yalivuka kiungio. Boriti ikajipinda, Gundi aliihisi. Ikarudi.

Hakuna kitu.

Magurudumu ya nyuma yakafuata. Hakuna kitu. Lori likaenda zake, mngurumo ukapungua, na kimya kilichobaki kilikuwa kikubwa kuliko kimya cha siku ya mazishi, kwa sababu siku ile watu walikuwa wakilia. Gundi alifumba macho. Alingoja kusikia mama akivunjika.

"Karibu, baba," mama alisema, ingawa hakuna aliyebisha. Sauti yake ilikuwa shwari, kama ya mtu ambaye ameshasogeza komeo na sasa anakaa pembeni ya mlango. "Ingia. Pako wazi."

Upepo haukuwepo. Gari halikuwepo. Ubao ukabonyea, upande wa kushoto wa Gundi, kwa kishindo cha miguu miwili.

Gundi hakupiga yowe. Alifumbua macho, akautazama ubao. Mbao hubonyea zikarudi, huu haukurudi. Ulibaki umezama palepale, mtupu, kama unavyozama chini ya mtu aliyesimama ametulia.

Akaiachia boriti. Kisha akasogea kidogo kulia, akampa nafasi.